Kisa au Utaratibu: Jibu Lipi Uandae kwa Swali la Shinikizo la Kazi

Ni nadra kusoma tangazo la kazi la Arusha au Moshi, liwe la hoteli, la kampuni ya utalii, la hospitali au la ofisi ya uhasibu, bila kukuta sharti kwamba mwombaji awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Siku ya usaili sharti hilo hugeuzwa swali, na swali lenyewe huja kwa sura mbalimbali: mjumbe mmoja wa jopo atauliza unafanyaje kazi zinapokuwa nyingi kwa wakati mmoja, mwingine atataka umsimulie siku ambayo mambo yalikuzidia, na wa tatu atakubunia hali ya dharura na kukuuliza ungeanzia wapi. Wasailiwa hulijibu kwa njia tatu. Wapo wanaotaja sifa zao, wapo wanaosimulia kisa kilichowatokea, na wapo wanaoeleza utaratibu wanaoufuata. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa ajili ya mtu ambaye ana usaili wiki ijayo na hajaamua aandae ipi.

Jibu la sifa halihitaji mjadala mrefu. Mtu anayesema kwamba yeye ni mchapakazi, mvumilivu, anayependa changamoto na asiyeogopa presha huenda anasema kweli, lakini amesema yale yale yaliyosemwa na waliomtangulia asubuhi hiyo, na jopo halina namna ya kuyapima. Jibu la kwamba "nikizidiwa humwomba Mungu" lina upungufu huo huo. Hakuna mjumbe atakayelibeza, maana wajumbe wenyewe nao husali, ila baada ya sala bado wanataka kujua mikono ilifanya nini. Sifa itumike kama sentensi moja ya kufungulia, kisha lije jambo linalopimika.

Uchaguzi wa kweli, basi, ni kati ya kisa na utaratibu, na kigezo ninachokiona bora kuliko vingine ni aina ya shinikizo ambalo kazi yenyewe inabeba. Lipo shinikizo linalojulikana kwa kalenda: msimu wa watalii wa Juni hadi Oktoba, mwisho wa mwezi kwa mhasibu, mkutano mkubwa wa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, unaojaza vyumba vya hoteli za mjini kwa siku kadhaa. Na lipo shinikizo la ghafla, ambalo halipigi hodi: mgonjwa anayebadilika hali saa nane usiku, gari linaloharibika porini, mgeni anayekataa maelekezo akiwa mlimani. Kwa shinikizo la ghafla kisa hushinda, kwa sababu jopo linataka kuona uamuzi uliofanywa bila muda wa kutosha. Kwa shinikizo la kalenda utaratibu hushinda, na kisa, hasa kisa cha kishujaa, kinaweza hata kumharibia msailiwa. Wengi hawalioni hilo, na ndiyo maana mhasibu na mpandisha wageni mlimani huingia usailini na jibu la aina moja.

Tuanze na mlimani, kwa kuwa hapo tofauti kati ya kisa kizuri na kisa kibovu inaonekana kwa urahisi. Chukua wasailiwa wawili wanaoomba nafasi ya mwongozaji mkuu katika kampuni moja ya Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro. Wote wameombwa waeleze wakati walipofanya kazi chini ya shinikizo kubwa. Wa kwanza anajibu hivi:

"Mwaka juzi nilikuwa na mgeni aliyekataa kushuka. Ulikuwa usiku mgumu sana, baridi kali na upepo, na wageni wengine walikuwa wanalia. Nilipambana, sikukata tamaa, na mwishowe wote tulishuka salama. Hapo nikajua kwamba mimi ni mtu wa kuhimili."

Wa pili anajibu hivi:

"Tulikuwa na wageni wanne, nami nilikuwa na wasaidizi wawili. Tuliondoka kambi ya Barafu saa sita usiku. Ilipokaribia saa kumi mgeni mmoja alianza kuyumba, na nilipomuuliza jina la kambi tuliyotoka akataja jingine. Alisisitiza kuendelea kwa kuwa alikuwa amelipa fedha nyingi, na mkewe alikuwa upande wake. Nilimweleza mke, pembeni, kwamba kuumwa kichwa tungeweza kuvumilia, lakini kuyumba na kuchanganyikiwa ni dalili za ubongo kuathiriwa na mwinuko, na tiba yake ya kwanza ni kushuka. Alikubali, na yeye ndiye aliyemshawishi mumewe. Niliwateremsha wote wawili na msaidizi mwenye uzoefu zaidi pamoja na chupa ya oksijeni, nikaita kambini kwa redio ili wapagazi wawili wapande kuwapokea. Mimi na msaidizi wa pili tuliendelea na wageni wawili, wakafika kilele cha Uhuru. Mgonjwa alipofika Barafu alikuwa anajua alipo, na siku hiyo hiyo tulimshusha zaidi. Baadaye aliilalamikia kampuni kwamba alinyimwa kilele. Nilikuwa nimeandika saa na dalili kwenye daftari, na kampuni iliyatumia maandishi hayo kumjibu."

Majibu yote mawili yanahusu usiku wa aina moja, lakini la kwanza limeeleza hali ya hewa na hisia, ilhali la pili limeeleza maamuzi. Katika la pili mtu anaweza kuhesabu: aliyeona dalili ni nani, aliyeshuka na nani, oksijeni ilikwenda wapi, waliobaki walibaki na waongozaji wangapi. Kuna pia jambo dogo ambalo mmiliki wa kampuni hataliacha lipite, nalo ni kuzungumza na mke pembeni, maana linaonyesha kwamba msailiwa alitambua mahali ambapo kani ya ubishi ilikuwa inatoka. Na kisa hakiishii kwenye pongezi. Kinaishia kwenye malalamiko ya mteja, jambo ambalo waongozaji wengi wangelificha, ingawa ndilo linalokifanya kisa kiaminike. Mteja aliyelipa kufika mita 5,895 na akarudishwa njiani mara chache hushukuru siku ile ile.

Mpangilio wa jibu la pili unafanana na ule unaofundishwa kwa jina la STAR: hali ilivyokuwa, jukumu lako ndani yake, hatua ulizochukua na matokeo yake. Kwa anayeomba kazi katika ofisi za kimataifa zilizopo Arusha, hususan zile za Umoja wa Mataifa kama taasisi iliyorithi shughuli za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyofungwa mwaka 2015, kuujua mpangilio huo si hiari, kwa sababu usaili wa huko hujengwa juu ya maswali ya "tueleze wakati ambapo". Kasoro ya STAR, kwa maoni yangu, ni kwamba humfanya msailiwa atumie muda mwingi mno kueleza hali na jukumu, kisha hatua zenyewe, ambazo ndizo zinazotafutwa, zikapitishwa kwa sentensi moja ya haraka. Ikiwa jibu lina dakika mbili, zaidi ya dakika moja iende kwenye hatua.

Sasa tuhamie kwa mhasibu. Ofisi nyingi za mjini Arusha zinazotunza hesabu za hoteli ndogo, maduka na kampuni za utalii zina tarehe mbili zinazotawala maisha ya watumishi wake: tarehe 7, ambayo PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya mwezi uliopita inapaswa kuwa imelipwa, na tarehe 20, ambayo ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, inapaswa kuwa imewasilishwa. Msailiwa wa kwanza, akiulizwa kuhusu shinikizo, anasimulia kwa fahari jinsi alivyokesha ofisini usiku wa tarehe 19, akiwa peke yake, akilinganisha risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, na daftari la mauzo, hadi alipowasilisha ritani zikiwa zimebaki saa chache. Wa pili hana kisa chochote cha kukesha. Anasema hivi:

"Kazi za tarehe 20 nazianza tarehe 1. Wateja wanaochelewesha risiti ninawajua kwa majina, kwa hiyo wao ninawapigia simu mapema kuliko wengine. Kufikia tarehe 12 ninataka mauzo yawe yamelinganishwa na taarifa za mashine ya EFD, na tarehe 13 hadi 16 ni za kurekebisha tofauti. Siku zinazobaki naziacha makusudi kwa ajili ya mtandao kusumbua au mteja kuleta ankara aliyoisahau. Mteja akiniletea karatasi baada ya tarehe 17, ninamwandikia msimamizi wangu ujumbe siku hiyo hiyo ili ajue hatari ipo wapi kabla haijawa yangu peke yangu."

Kisa cha kukesha kinasisimua zaidi, lakini mwenye ofisi anayekisikia atajiuliza mtu huyu alikuwa wapi kuanzia tarehe 1 hadi 18. Jibu la pili halina msisimko wowote na bado ndilo linalostahili kazi, kwa sababu linaonyesha shinikizo likipunguzwa kabla ya kufika. Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa mara nyingi kwamba kila swali la usaili lijibiwe kwa kisa. Katika kazi za kalenda, kisa bora ni kile kinachoeleza jinsi utaratibu ulivyojengwa baada ya mwezi mmoja mbaya, nacho kiwe kifupi, kije baada ya utaratibu wenyewe.

Zipo kazi zinazobeba shinikizo la aina zote mbili, na mfano ulio wazi kwa watu wa Arusha ni dereva mwongozaji wa safari za kaskazini. Kibali cha kuingia Serengeti huhesabiwa kwa saa 24, na gari likichelewa kutoka langoni, fedha ya siku nyingine inadaiwa. Kila dereva anayepita Naabi, lango la hifadhi hiyo, anaijua saa yake ya kutoka kuliko anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Saa hiyo inajulikana tangu jana, kwa hiyo ni shinikizo la kalenda. Lakini chui aliyeonekana juu ya mti dakika 40 kabla ya muda kwisha, huku wageni wakikusihi usiwashe gari, ni shinikizo la ghafla. Msailiwa wa nafasi hii afungue kwa utaratibu, aeleze anavyopanga mizunguko ya asubuhi kwa kurudi nyuma kuanzia saa ya lango na anavyowaambia wageni saa hiyo wakati wa kifungua kinywa, kisha ataje siku moja ambayo mpango ulijaribiwa na alichowaambia wageni. Nina hakika mwajiri atasikiliza kwa makini zaidi maneno yaliyotumika kwa wageni kuliko kasi ya gari, kwa kuwa kukimbiza gari hifadhini ni kosa, na msailiwa anayejisifu kwa kukimbiza amejifunga mwenyewe.

Kwa wauguzi swali huja zaidi kwa sura ya tatu, ile ya hali ya kubuni. Moshi ina KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo hupokea wagonjwa wa kanda yote ya kaskazini, pamoja na hospitali na vituo vingine vingi, na anayeomba kazi katika sehemu yoyote ya aina hiyo ajiandae kuambiwa kwamba yuko zamu ya usiku na mwenzake mmoja, mgonjwa wa kitanda cha tatu anahema kwa shida, ndugu wa mgonjwa mwingine anagomba kuhusu dawa, na daktari yuko chumba cha upasuaji. Kusimulia kisa chako hapa ni kukwepa swali, kwa sababu jopo limekupa kisa chake. Kinachotakiwa ni mpangilio wa hatua: anayehema kwa shida kwanza, ukianza kukagua njia yake ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, mwenzako apewe kazi ya kumtuliza ndugu na kumpa muda atakaorudiwa, daktari apelekewe taarifa fupi yenye vipimo, siyo kauli kwamba mgonjwa "ana hali mbaya", na yote yaandikwe. Msailiwa akimaliza mpangilio huo ndipo anaweza kuongeza sentensi mbili juu ya zamu iliyofanana na hiyo. Anayeanza na kumtuliza ndugu kwa sababu ndiye anayepiga kelele amejibu kama watu wengi wangefanya, na amekosea.

Aliyetoka chuoni na hajaajiriwa hudhani kwamba kwa kukosa kisa cha kazini amebakiwa na sifa tu. Sivyo. Mafunzo kwa vitendo ni kazi, hata kama yalikuwa ya wiki nane na bila posho, na kisa kidogo cha huko, kwa mfano mapokezi ya hoteli asubuhi ambayo mabasi mawili yalifika kwa pamoja na mtandao ukakatika, kinatosha kabisa iwapo hatua zake ziko wazi. Kinachoharibu ni kuvika kisa kidogo vazi kubwa. Kijana aliyekuwa msaidizi wa mapokezi akisimulia kwamba yeye ndiye aliyeiokoa hoteli, mjumbe yeyote aliyewahi kusimamia mafunzo kwa vitendo atamuuliza msimamizi wake alikuwa wapi, na kisa kitaishia hapo. Akisema kwamba alichukua karatasi, akaandika majina na namba za pasipoti kwa mkono, akawapa wageni chai wakisubiri na kumwachia msimamizi suala la vyumba, atakuwa amesema ukweli unaotosha.

Nani anakusaili nalo lina uzito wake, ingawa si mkubwa kama aina ya shinikizo. Katika usaili wa ana kwa ana wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, wajumbe kwa kawaida wana maswali yaliyopangwa na wanatoa alama, kwa hiyo utaratibu wenye hatua zinazohesabika huvuna vizuri, na kisa kirefu kinaweza kula muda bila kuongeza alama. Mmiliki wa kampuni ndogo ya utalii anayekusaili mwenyewe katika ofisi yake ya Sakina au Njiro, mitaa ya Arusha, akiwa na simu mbili mezani na mteja nje ya mlango, hana karatasi ya alama. Anakupima kama mtu atakayekaa naye msimu mzima, na huyo kisa humgusa zaidi. Pia atabadili lugha katikati ya mazungumzo, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, ili asikie unavyozungumza na wageni na unavyozungumza na wapagazi. Kisa kilichokaririwa kwa lugha moja huvunjika hapo, hivyo kiandaliwe kwa zote mbili.

Jambo moja hupita katikati ya njia zote, nalo ni mipaka. Wasailiwa wengi, kwa hofu ya kuikosa kazi, husema kwamba wako tayari kwa saa 24. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada, ambazo lazima ziwe za makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sishauri mtu aingie usailini na kunukuu vifungu, maana kwa mwajiri mdogo inasikika kama ugomvi ulioanza kabla ya mkataba. Lakini kati ya "niko tayari muda wowote" na jibu linalosema "kwa dharura nitabaki, na nikiona dharura imekuwa ya kila wiki nitakuja kwako na orodha ya kazi ili tuone ipi isubiri", la pili ni salama zaidi kwa taasisi kubwa na halimkwazi mwajiri mdogo mwenye busara. Asiyependa jibu hilo amekuonyesha namna atakavyokutumia mwezi Agosti.

Uwe umechagua kisa au utaratibu, usiende bila kuandaa swali la nyongeza, kwa kuwa huko ndiko majibu ya kubuni yanakonaswa. Mwongozaji wa mlimani ataulizwa kwa nini hakushuka yeye mwenyewe na mgonjwa, na awe na sababu ya kitaalamu, kwa mfano kwamba msaidizi yule alikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza na kwamba hakuweza kuwaacha wageni wawili gizani na msaidizi mgeni wa njia. Mhasibu ataulizwa ni mwezi gani utaratibu wake ulishindwa, na autaje mwezi huo bila kuzunguka. Muuguzi atabadilishiwa hali: mwenzako naye ameitwa wadi nyingine, sasa unafanya nini? Swali la aina hii likimkuta msailiwa bila jibu, inaruhusiwa kabisa kusema, "Naomba nusu dakika nifikiri, mwenyekiti," na kuitumia nusu dakika hiyo kimya, macho juu ya karatasi, kabla ya kuanza na hatua ya kwanza.